Ami alisema vita ni vita

Ramadhani ya 2021, ile ya kafyu, kumi la kwanza lishakwisha, tumetoka taraweh tumekaa barazani kama kawaida yetu hapa Kibokoni, watu sita saba hivi, barakoa zimening'inia videvuni, tunakunywa kahawa tungu haraka haraka maana saa nne ikigonga hakuna cha shekhe wala sharifu, polisi akikukuta nje utajieleza mwenyewe. Ndio simu ya mmoja wetu ikalia, akasoma, akasema kwa sauti, "Biden katangaza leo, ati Waturuki waliwaua Waarmenia, mauaji ya kimbari."

Kimya kidogo. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake. Ami yetu (si ami wangu wa damu, ni ami wa mtaa mzima, alifanya kazi bandarini tangu enzi za makuli mpaka makontena yakaja akastaafu) akateremsha kikombe akasema, "Vita ni vita. Mwaka gani huo, 1915? Dunia nzima ilikuwa yapigana. Na hao walikuwa na Mrusi. Leo ndio wamekumbuka?"

Wote tukaitikia. Mimi niliitikia kuliko wote, na hapa sina budi niseme ukweli, sikuwa naitikia kwa heshima tu ya mzee. Nilikuwa mtu wa Waturuki mimi. Kwetu sebuleni ilikuwepo picha ya msikiti wa Istanbul, ile ya kushonwa kwa nyuzi za dhahabu, tangu sijazaliwa. Mamangu na tamthilia za Kituruki usimwambie kitu, simu ikilia wakati huo hashiki hata kama ni wewe una ajali. Na ukitaka ya zamani zaidi, mji huu wenyewe ulimkaribisha Mir Ali Bey alipokuja na merikebu zake miaka ya 1580 na kitu, watu wa Mombasa wakaona afadhali Mturuki kuliko Mreno, ikaishia Mreno kurudi na nguvu 1589 akamkamata, halafu miaka minne baadaye akaanza kujenga Ngome ya Yesu ili mambo hayo yasirudiwe. Kwa hivyo hii mahaba ya Mombasa na Mturuki si ya jana. Nilishawahi hata kuandika komenti ndefu kwenye posti ya mtu kwamba haya ya Waarmenia, Wakristo waliokuwa chini ya dola ya Mturuki, ni propaganda ya maadui wa Uislamu. Iko mpaka leo, sijaifuta, naiacha inisute.

Usiku ule usingizi haukuja, na daku iko mbali, nikaingia Google. Nia yangu, wallahi, ilikuwa kumtafutia ami hoja. Nilitaka kesho yake nije na tarehe na majina nimsaidie.

Hoja ya kwanza, ile ya "leo ndio wamekumbuka", ilikufa ndani ya dakika kumi. Kumbe tarehe 24 Mei 1915, mauaji yakiwa yanaendelea, Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitoa tamko la pamoja kwamba haya ni makosa dhidi ya ubinadamu na ustaarabu na kwamba wakubwa wa serikali ya Uthmaniyya, yaani dola ya Waturuki ya wakati ule, watawajibishwa wao wenyewe. Na kuna kisa hapo kilinichekesha kwa uchungu. Mrusi mwanzo alikuwa kaandika "dhidi ya Ukristo", wenzake wakamwambia badilisha, kwa kuchelea Waislamu walioko kwenye makoloni yao wasije wakachukia. Waislamu wa makoloni ya Mwingereza ni kina nani kama si babu zetu sisi hapa? Yaani katika ile karatasi ya Waarmenia, kuna neno moja limewekwa kwa kutuogopa sisi, na sisi hata hatujui.

Hoja ya pili ni ya Mrusi. Ni kweli palikuwa na Waarmenia waliopigana upande wa Urusi, ni kweli mji wa Van walishika bunduki, serikali ya Uturuki hilo inalisema mpaka leo na si uwongo. Lakini sheria ya kuwahamisha ilipitishwa tarehe 27 Mei 1915 halafu wakatolewa watu Bursa, wakatolewa Ankara, wakatolewa Konya, sasa fungua ramani utazame, mtu wa Bursa na mpaka wa Urusi wapi na wapi? Ni kama uniambie kuna vita Lamu kwa hivyo wanawake wa Kisumu wapangwe mstari na watoto wao watembezwe kwa miguu mpaka jangwa la Chalbi. Maana ndivyo ilivyokuwa, safari yenyewe ndiyo iliyoua. Wanaume wengi waliuawa mapema, wanawake na watoto na wazee wakatembezwa kwenda jangwa la Syria, Deir ez-Zor huko, wakifa njiani kwa njaa na kiu na homa na visu vya magenge. Wataalamu wengi wanataja kama milioni moja, Waarmenia wenyewe wanasema milioni moja na nusu, Uturuki inataja hesabu ya chini kuliko hizo na inasema ni maafa ya vita yaliyompata kila mtu. Na kabla ya yote hayo, usiku wa 24 Aprili, walikamatwa Istanbul waandishi, walimu, wabunge, mapadri, zaidi ya mia mbili. Ukitaka kuumaliza mtaa unaanza na wale wanaojua kuandika barua.

Bado nilikuwa nabisha lakini. Nikajiambia haya yote yameandikwa na Wazungu. Kilichonimaliza ni Waislamu.

Yupo mwanasheria wa Kiarabu, Bedui wa Hauran, jina lake Faiz al-Ghusein, alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo ya Uthmaniyya, akahamishwa kwa kutuhumiwa siasa, akapita Diyarbakır akaona kwa macho yake na akasikia kwa waliofanya, akaandika 1916, tena kwa kusikitika kwamba Uislamu utakuja kubebeshwa mzigo usio wake. Yupo Celal Bey, gavana wa Aleppo, akakataa amri, wakampeleka Konya, akakataa tena mpaka wakamwondoa kabisa. Yupo Sharifu Hussein wa Makka, 1917 akaandika waraka kwa watu wake kwamba Waarmenia waliobaki walindwe kama mtu anavyolinda nafsi yake na mali yake na watoto wake. Sharifu wa Makka bwana! Na baada ya vita, mahakama za kijeshi za Uthmaniyya wenyewe, Waturuki kwa Waturuki, Istanbul, 1919, wakawahukumu kunyongwa kina Talat na Enver na Cemal, waliokuwa wakubwa wa serikali wakati wa vita, bila wao kuwepo maana walishatoroka. Nilisoma hilo nikazima simu nikatazama dari. Haikuwa habari ya Mzungu kumsingizia Mturuki. Mturuki mwenyewe alishasema, halafu baadaye ndio ikaamuliwa kwamba isisemwe.

Talat aliuawa Berlin, Machi 1921, na kijana wa Kiarmenia ambaye mahakama ya Ujerumani ikamwachia. Kuna mwanafunzi wa sheria Mpolandi Myahudi, Raphael Lemkin, akasoma kesi ile akauliza mwalimu wake, kwa nini mtu kuua mtu mmoja ni kosa lakini kuua milioni si kosa? Hakujibiwa jibu la maana. 1944 ndio akatunga neno lenyewe, ambalo sisi tunaliita mauaji ya kimbari, na Umoja wa Mataifa ukaliweka kwenye mkataba Desemba 1948. Sisi wengi wetu neno hili lilituingia masikioni 1994, redioni, wakati wa Rwanda. Mbari ni ukoo, ni watu wa damu moja, kwa hivyo neno letu liko wazi kuliko la Kizungu, kuua watu kwa sababu ya ukoo wao. Na mkataba wenyewe umesimama juu ya kitu kimoja, nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Tuliokaririshwa chuoni kwamba matendo ni kwa nia tungelielewa hili kabla ya maprofesa.

Basi kesho yake barazani nikaja na haya yote na ami akanisikiliza mpaka mwisho, ana tabia hiyo nzuri, hakatizi mtu. Akasema, "Sawa. Niambie basi Mmarekani alikuwa wapi miaka yote hii?"

Na hapo ami hakuwa na kosa hata kidogo. Uruguay, kanchi kale, ilitambua 1965. Marekani? Obama aliahidi akiomba kura 2008, akakaa miaka minane Ikulu, kila Aprili anatoa tamko linalozunguka lile neno kama mtu anavyozunguka dimbwi Mwembe Tayari siku ya mvua. Kwa nini? Kambi za jeshi, NATO, biashara. Halafu 2019 Uturuki ikaingia Syria mwezi wa Oktoba ikawaudhi Wamarekani, na mwezi huohuo bunge lao likapiga kura 405 kwa 11 kwamba ee kumbe yalikuwa mauaji ya kimbari. Waliokufa 1915 wamesubiri mpaka wakubwa wagombane. Wajerumani nao walipopitisha azimio lao Juni 2016 Uturuki ikamwita balozi wake nyumbani. Zaidi ya nchi 30 zimetambua sasa, Kenya yetu si mojawapo, wala Uingereza, na sioni kama kuna mtu Nairobi linamkosesha usingizi. Na Mmarekani huyuhuyu 1994, watu wanauawa Kigali mchana kweupe, msemaji wa serikali yake anawaambia waandishi ati kuna "vitendo vya mauaji ya kimbari" lakini hataki kusema ni mauaji ya kimbari, mpaka mwandishi mmoja akamuuliza, vitendo vingapi ndio vinatimiza? Mpaka mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, hapo Arusha tu, basi la asubuhi linakufikisha, 2006 ikaamua kwamba ya Rwanda hayahitaji tena kuthibitishwa, ni kitu kinachojulikana na kila mtu.

Kwa hivyo ami ana haki, wanaotambua hutambua kwa maslahi yao. Ila nikamwambia, ami, mlevi akikwambia nyumba yako yaungua, utangoja alevuke?

Akacheka. Lakini hakukubali.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike hii makala, maana bila hicho ningekuwa nimeshinda tu ubishi wa barazani na hayo hayana haja ya kuandikwa. Mwezi mmoja baadaye, Mei 28, Ujerumani ikatangaza kwamba yale iliyowafanyia Waherero na Wanama huko Namibia, 1904 mpaka 1908, "kwa mtazamo wa leo" ni mauaji ya kimbari, na kwamba itatoa yuro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ila isiitwe fidia, iitwe miradi ya maendeleo. Ami alifurahi kama kashinda yeye. "Walipe! Tena hizo ni kidogo! Na ya Majimaji je, watu wa Songea?" Na mimi nakubaliana naye kabisa. Jenerali von Trotha aliandika kwa mkono wake Oktoba 1904 kwamba kila Mherero ndani ya mpaka wa Mjerumani, ana bunduki hana bunduki, apigwe risasi. Wakasukumwa jangwani Omaheke kufa kiu. Katika Waherero kama elfu 80 inakadiriwa walikufa elfu 65.

Lakini nikamuuliza, kwa adabu, "Ami, si Waherero ndio walioanza? Januari 1904 waliinuka wakaua walowezi zaidi ya mia. Mbona hujasema vita ni vita?"

Akanitazama. Halafu akasema, "Hiyo ni tofauti."

Sasa "hiyo ni tofauti" ndio mlango wenyewe. Jangwa ni jangwa, kiu ni kiu, waliosukumwa ni wanawake na watoto huku na huku, tofauti ni nani kasukuma. Nikamwonea huruma na nikajionea huruma mimi pia, kwa sababu ile sentensi ya vita ni vita nilishaisikia kabla, na si kwa Mturuki.

Bibi yetu (tulimwita bibi, sio nyanya, alivyozoea kwao) alikuja Mombasa kwa jahazi kutoka Unguja mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Januari 12. Alikuja na watoto wawili na bahasha ya karatasi. Akaishi hapa zaidi ya miaka hamsini na Unguja hakurudi hata kuzuru, ukimuuliza anasema bahari inamtapisha, na huyu ni mtu ambaye akipenda kwenda Lamu kwa mashua. Waliouawa siku zile idadi yao inabishaniwa mpaka leo, kuna wanaotaja maelfu machache na kuna wanaotaja mara nyingi zaidi, na sisemi kwamba ilikuwa mauaji ya kimbari, hilo tuwaachie wenye sheria. Ninachosema ni kwamba siku moja nikiwa mdogo kwenye harusi hapa kwetu alikuja mgeni, mtu mzuri, msomi, sauti yake ya upole, mazungumzo yakafika huko akasema, "Mapinduzi ni mapinduzi, damu lazima imwagike. Na wao pia walikuwa wanyonyaji." Bibi akasimama akasema anaenda kutazama biriani. Biriani ilikuwa ishapakuliwa.

Sikuelewa wakati ule. Nilielewa barazani, miaka mingi baadaye, nikiwa ndio mimi niliyeitikia kuliko wote.

Na yupo Mturuki mmoja, Muarmenia wa Uturuki, Hrant Dink, mhariri wa gazeti la Agos, aliyekuwa akisema mambo haya Istanbul kwenyewe kwa Kituruki, wala hakuwa shabiki wa mabunge ya Ulaya kutunga sheria juu yake, alitaka majirani wazungumze. Wakamshtaki kwa kuutukana Uturuki, wakamhukumu, na Januari 19, 2007 kijana akampiga risasi nje ya ofisi yake. Siku ya maziko maelfu kwa maelfu ya Waturuki walijaa barabarani wameshika mabango, sote ni Hrant, sote ni Waarmenia. Watu wangapi wa Mombasa tungeweza kushika bango kama hilo, sote ni nani? Mimi najaribu kujaza hapo mbele na kila jina ninaloliweka najua mtu wa mtaani atakayesema hiyo ni tofauti.

Ami hakukaa bure lakini. Jioni moja akanigeuzia. "Wewe wapenda sana haya. Hao Wazungu hawatusemi sisi pia? Si watwambia kila siku juu ya watumwa? Ukiwasikiza hao utaona haya hata kuitwa Mswahili. Watumwa wa kwetu, mwanangu, hawakuwa kama wa Marekani. Walikuwa jamaa. Wakila na sisi, wakivaa kama sisi, wakioa. Watu wa nyumbani."

Nilitaka kujibu. Kila siku napita Kengeleni kwenda kazini, matatu inapunguza mwendo pale pale penye ile kengele ya Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa walioachiwa huru tangu 1875, kengele iliyokuwa ikipigwa kuonya kwamba kuna majahazi ya kuja kuwakamata watu tena. Majahazi ya nani? Si ya Mmarekani. Napita hapo mara mbili kwa siku na naangalia simu. Unguja utumwa ulipigwa marufuku kisheria 1897, huku kwetu pwani 1907, mamake babu yangu alikuwa hai. Nilitaka kumwambia ami hayo lakini muadhini akaadhini magharibi, tukainuka.

Kila Shaabani bibi alikuwa akisomesha khitma ya watu wake wa Unguja. Ile bahasha aliyokuja nayo ilikuwa na karatasi ya majina, ameandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, maalim anaisoma moja moja mwisho wa dua. Bibi alifariki kabla ya korona, karatasi ikabaki kwa shangazi, khitma haikukatika. Mwaka uliofuata baada ya ubishi wetu shangazi akaniita, karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo, niinakili upya.

Yalikuwa majina saba. Siku zote nilikuwa nayasikia tu, sikuwahi kuyaona. Sita yana bin au binti, baba, babu, na moja lina mpaka nisba ya kabila. La saba liko peke yake, chini kabisa, jina moja tu, la mwanamke, halina binti nani.

Nikamuuliza shangazi huyu wa mwisho ni nani, mbona hana baba.

"Huyo alikuwa wa nyumbani."

"Wa nyumbani vipi, shangazi?"

"Wa nyumbani tu, mwanangu," akasema, akaenda jikoni kupunguza moto wa mbaazi.

Nikaliandika jina kama lilivyo, nikaweka "binti", halafu nikaacha nafasi.